Shangazi, je, mila ya kale ya upande wa baba ni yangu pia?

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 28 na ninaishi Trondheim, Norwei. Nilizaliwa Moshi. Mama ni Mchaga wa Machame, na baba alikuwa Mnorwei aliyekuja Tanzania kufanya kazi katika miradi ya maji. Walioana huko, na nilipofikisha miaka kumi tukahamia kwao baba. Tumelelewa katika ulutheri kwa pande zote mbili, na kipaimara nilikipata hapa hapa Trondheim.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Tulipokuwa tukipanga vitu vyake nilipata picha ya bibi, mama yake baba, amesimama mlangoni mwa ghala la shamba lao usiku wa Krismasi, ameshika bakuli. Hapo nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Mwaka wetu wa kwanza hapa, bibi alinishika mkono tukaenda ghalani gizani, akaweka chini bakuli la uji mzito wa maziwa wenye kipande cha siagi juu yake, akaniambia kuwa ni la nisse, mzee wa shamba, yule aliyefyeka pori pale kabla ya wote na ambaye mpaka leo anawaangalia ng'ombe. Nilimwuliza kama ni mchezo wa watoto. Hakunijibu, na alibaki kimya mpaka tulipotoka.

Tangu siku hiyo ninasoma habari za Odin, Thor na Freyja, miungu ya kale ya Skandinavia, na za watu wanaofuata mila hiyo leo. Siwezi kusema kwamba ninaamini. Ninachojua ni kwamba ninaposoma nahisi kuitwa na watu wa upande wa baba, na kwa kuwa baba mwenyewe hayupo, wito huo unanilemea. Nimenunua nyundo ndogo ya Thor ya fedha na ninaivaa ndani ya nguo.

Yanayonisumbua ni haya. Niliandikia kundi moja la Marekani la wafuasi wa mila hiyo. Waliomba picha yangu, kisha wakanijibu kwamba njia hii ni ya watu wenye damu ya Ulaya ya Kaskazini peke yao, na kwamba mimi nikatafute miungu ya Afrika. Nililia siku nzima, halafu nikaagiza kipimo cha vinasaba ili niwe na karatasi ya kuwaonyesha. Majibu bado hayajafika. Jambo lingine ni mama. Aliiona nyundo, akasema kwamba wazee wake waliacha matambiko kwa gharama kubwa, na sasa mtoto wake anakwenda kuyaokota kwa Wazungu. Hakunifokea. Alilia, na hilo limeniumiza zaidi. Halafu sijui nianzie wapi, maana kila ninapogusa nakuta mtu anauza kozi ya kupiga ramli kwa runi, herufi za kale za Skandinavia, na shamba lenyewe sasa liko mikononi mwa dada yake baba, ambaye tangu mazishi hatujazungumza zaidi ya kutakiana heri ya sikukuu.

Je, nina haki ya kuingia katika jambo hili? Na kama ninayo, niingie vipi bila kumvunja moyo mama?

Ni mimi binti yako,
Trondheim

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa jibu ulilopewa na watu wale. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Tanga, kwa hiyo siandiki ili nikuvute uingie wala nikuzuie. Ninaandika kwa sababu umeniita Shangazi, na katika jambo la ukoo wa baba, shangazi ana la kusema.

Nianze na kipimo cha vinasaba. Majibu yakifika, yaweke kabatini. Watu waliokuomba picha kabla ya kukuuliza jina hawatashibishwa na asilimia yoyote, na wewe hupaswi kujenga imani juu ya asilimia. Fikiria hesabu hii. Mfalme Olav wa Norwei aliuawa Stiklestad, huko huko kwenu katika jimbo la Trøndelag, mwaka 1030, wakati Ukristo ulipokuwa ukishika nchi. Kutoka hapo mpaka kwako ni takriban vizazi thelathini na vitatu. Una wazazi wawili, babu na bibi wanne, wa juu yao wanane, na ukiendelea kuzidisha mpaka kizazi cha thelathini na tatu unapata nafasi zaidi ya bilioni nane za mababu, wakati Norwei nzima haikuwa na watu hata sehemu ndogo ya idadi hiyo. Maana yake ni kwamba watu wale wale wanajaza nafasi nyingi, na kwamba mababu wa zama za kale ni wa karibu kila mtu mwenye mzazi Mnorwei. Baba yako hakukurithisha robo ya historia hiyo kwa kuwa mama yako ni Mchaga. Amekurithisha yote aliyokuwa nayo.

Tena, waliokufukuza hawawajui vizuri hao wanaodai kuwalinda. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mabaki ya watu 442, wengi wao wa zama za Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, na mojawapo ya waliyoyakuta ni kwamba baadhi ya wanaume waliozikwa kwa desturi ya Kiviking, panga zao zikiwa ubavuni, hawakuwa na asili ya Skandinavia hata kidogo. Kitabu cha kale cha Iceland kinachoorodhesha walowezi wa kwanza kinamtaja Geirmundur, aliyepewa jina la Ngozi ya Hel, Hel ikiwa makazi ya wafu. Baba yake alikuwa mfalme wa Norwei, na mama yake alitoka Bjarmaland, pwani ya mbali ya kaskazini-mashariki. Yeye na pacha wake walizaliwa na ngozi nyeusi na sura ambazo hazikumpendeza mama yao, naye akawabadilisha na mtoto wa mtumwa aliyekuwa mzuri wa sura. Mshairi Bragi alipofika akawatazama watoto wote watatu wakicheza, akatambua mara moja ni wapi walio wa mfalme. Sisemi kwamba Geirmundur alikuwa Mwafrika, hakuwa. Lakini kitabu hicho hicho kinamsifu kuwa mtukufu kuliko walowezi wote. Hata miungu yenyewe imechanganyika: mama yake Odin ni wa kabila la majitu, na Freyja alifika kwa Odin na wenzake kutoka ukoo mwingine wa miungu, baada ya vita na kubadilishana mateka.

Mgawanyiko uliokukumba unajulikana sana miongoni mwa wafuasi wenyewe. Mwaka 2016 makundi mengi ya nchi mbalimbali yalitia saini tamko la kuvunja uhusiano na kundi mojawapo la Marekani linalofungia mila hii kwa watu weupe. Waliliita Tamko la 127, kwa kuwa ubeti wa 127 wa Hávamál, shairi la kale la mashauri, unaagiza kwamba ukiuona uovu, uuite uovu. Kwa hiyo uliyemwandikia ni mlango mmoja, tena mlango ambao wengi wa nyumba hiyo wameukana.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda usilipende mwanzoni. Unasema unaitwa na watu wa upande wa baba. Watu gani? Wale unaowajua kwa majina, bibi yako na mama yake na bibi wa bibi yake, walibatizwa, walipata kipaimara na wamezikwa kanisani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemtolea Thor sadaka. Na wale waliomtolea Thor wako mbali mno, hata majina yao huyajui. Ukisema kwamba unawafuata mababu huku ukiruka miaka elfu moja ya Walutheri na Wakatoliki walioishi katikati, utakuwa unawafuata mababu uliowachagua na kuwaacha waliokulea. Ndiyo maana nataka uanze pale ambapo mkono wa bibi yako ulikufikisha, yaani kwenye bakuli.

Bakuli lile si jambo dogo. Desturi ya kumwekea mzee wa shamba uji au pombe usiku wa Krismasi iliendelea Norwei kwa karne nyingi chini ya Ukristo, na katika sehemu nyingi mzee huyo alitajwa kama bibi alivyokutajia, kuwa ni roho ya mtu aliyefyeka shamba kwa mara ya kwanza, mara nyingi akidhaniwa kukaa katika kichuguu cha kaburi karibu na nyumba. Sheria ya kale ya Gulating, baraza la magharibi mwa Norwei, ambayo tayari ni sheria ya Kikristo, iliwaamuru wenye mashamba kupika pombe ya Krismasi na kuibariki kwa Kristo na Maria ili kupata mwaka mwema na amani, na maneno hayo, mwaka mwema na amani, ndiyo yaliyosemwa katika sadaka kabla ya Kristo kufika. Wewe ni mtoto wa Machame. Unajua kihamba ni nini: mababu wamelala ndani ya shamba lile lile la migomba linalowalisha wajukuu, na mbege, pombe ya ndizi, humwagwa chini kabla mtu hajanywa. Ulipoandika habari za mzee aliyefyeka pori ambaye bado anawaangalia ng'ombe, sikuona jambo geni hata chembe.

Hapa lugha yetu inakusaidia kuliko vitabu vingi. Watu wa kale wa Skandinavia hawakuwa na neno linalolingana na dini. Walisema siðr, yaani mila, desturi, namna yetu ya kufanya. Ukristo ulipokuja waliuita mila mpya, na ile yao ikawa forn siðr, mila ya kale, na mpaka leo wafuasi wengi wa Norwei, Uswidi na Denmark wanaliita jambo lao kwa jina hilo. Sisi tunajua tofauti. Dini mtu huingia, tena kwa kutamka anachoamini. Mila mtu huikuta nyumbani, akaifanya pamoja na wenzake, na swali la kama anaamini huja baadaye au haliji kabisa. Umeandika kwa hofu kwamba huwezi kusema unaamini. Katika jambo hili huo si upungufu. Kaa nao.

Kuhusu kusoma, anza na Hávamál, shairi lenye beti 164 ambalo limo katika kitabu cha mkono kilichoandikwa Iceland karibu mwaka 1270, chenye karatasi 45 za ngozi zilizobaki. Usome ukijua kwamba aliyekiandika aliishi zaidi ya miaka 250 baada ya Iceland kupokea Ukristo, na kwamba Snorri Sturluson, ambaye kwake tumepata sehemu kubwa ya hadithi za miungu, alikuwa Mkristo aliyeandika karibu mwaka 1220. Namna sadaka zilivyoendeshwa, maneno yaliyosemwa na nyimbo zilizoimbwa, mengi yamepotea. Mtu akikuambia kwamba ana ibada kamili isiyokatika tangu zama za Waviking, muage kwa heshima. Wanyofu kati ya wafuasi wanakiri kwamba wanajenga upya kwa vipande.

Utakapolisoma shairi hilo, utaona linaanza na mgeni. Mtu ameingia kutoka baridini, magoti yamemganda. Anahitaji moto, chakula, nguo kavu, maji na taulo, na maneno ya ukarimu. Mtoto aliyelelewa na mama wa Kichaga hatahitaji kufundishwa beti hizo. Mbele zaidi kuna ubeti wa 145, ambao ningependa uukariri: ni afadhali kutoomba kabisa kuliko kutoa sadaka kupita kiasi, kwa kuwa zawadi daima hutazamia zawadi. Huo ni ushauri wa kwenda polepole, na umetoka ndani ya mila yenyewe.

Kozi za ramli usinunue. Runi zilikuwa herufi, na watu walizitumia kwa mambo mazito na mepesi. Baada ya moto wa Bryggen, Bergen, mwaka 1955, wachimbaji walipata mamia ya maandishi ya runi kwenye vijiti na mifupa, mengine majina ya wenye bidhaa, mengine sala za Kikristo, na kijiti kimoja kinasema tu kwamba Gyda anasema urudi nyumbani. Mbinu nyingi za ramli zinazouzwa leo zimetungwa juzi.

Badala yake panda treni uende Mære, karibu na Steinkjer. Snorri anasimulia kwamba hapo wakulima wa Trøndelag walimlazimisha Mfalme Håkon, aliyekuwa amelelewa Uingereza akiwa Mkristo, ale ini la farasi katika karamu ya sadaka. Miaka ya 1960 wachunguzi walichimba chini ya sakafu ya kanisa la Mære wakakuta mashimo ya nguzo za jengo la zamani zaidi, na humo vipande vyembamba vya dhahabu vyenye picha ya mwanamume na mwanamke wakitazamana. Kaa kidogo katika benchi la kanisa lile. Wewe ni Mlutheri, na dhahabu ile ilikuwa chini ya miguu ya Walutheri kwa karne kadhaa.

Ukitaka watu wa kukutana nao, wapo kihalali katika nchi unayoishi. Iceland ilitangulia: chama cha wafuasi wa mila hii, Ásatrúarfélagið, kilianzishwa mwaka 1972, kikatambuliwa na serikali mwaka uliofuata, na leo kina wanachama zaidi ya 5,000. Norwei ina jumuiya ya Bifrost, iliyoanza mwaka 1996, na pia Forn Sed Norge. Waandikie, na uwaulize bila kuzunguka wanasema nini kuhusu watu wa rangi na asili nyingine. Jibu la maandishi litakupa usalama kabla hujakwenda. Sadaka yao ya pamoja, blót, kwa kawaida ni watu kusimama katika duara, pembe ya kinywaji ikipita mkono kwa mkono, kila mmoja akisema neno kwa miungu, kwa wafu wake au kwa roho za mahali, kinywaji kikimwagwa ardhini, kisha chakula. Usipotaka pombe, sema mapema. Nenda kama mgeni. Kujiandikisha kusubiri mwaka mmoja hakutakupunguzia kitu, na uamuzi wa kutoka kanisani usiufanye ukiwa bado katika majonzi.

Nyundo endelea kuivaa. Nyundo za namna hiyo zimechimbuliwa kwa mamia kaskazini mwa Ulaya, na mojawapo, iliyopatikana Købelev, Denmark, mwaka 2014, imeandikwa kwa runi kwamba hii ni nyundo. Huko Denmark kuna pia kalibu ya jiwe ya karne ya 10 ambayo fundi aliitumia kusubu nyundo na misalaba katika jiwe moja, na ninalipenda sana jiwe hilo. Ila runi za peke yake, hasa ile ya Tyr na ile ya Odal, usizivae wala kujichora mwilini mpaka ujue ni nani wengine wanaozivaa, kwa sababu Wanazi walizitumia na wafuasi wao wa leo wanaendelea kuzitumia.

Nimebakiza mama, ambaye nimemfikiria kuliko yote. Mwanangu, wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Kwa baba yako mila ya kale iko umbali wa vizazi thelathini na zaidi. Kwa mama yako iko umbali wa vizazi vitatu au vinne. Aliposema wazee wake waliiacha kwa gharama kubwa, alikuwa akiwataja watu ambao huenda aliwaona kwa macho yake: aliyegombana na ndugu zake, aliyeambiwa achague kati ya kaburi la baba yake na ubatizo. Wewe unaona picha nzuri ya zamani sana, na yeye anaona kidonda cha juzi. Naamini kuna jingine pia linalomuuma, ingawa hakulisema: kwamba mtoto wake anakwenda kuwatafuta mababu ghalani Trøndelag na hajawahi kumwuliza habari za mababu wa Machame. Hapo, mwanangu, ana haki.

Usimwendee na hoja wala na kitabu. Mwendee na picha ya bibi. Mwambie kisa cha bakuli kama ulivyoniambia mimi, pamoja na ule ukimya wa bibi, kisha umwulize babu yake alisema maneno gani alipomwaga mbege, na ni nani aliyemkataza. Msikilize mpaka amalize, hata ikichukua jioni tatu. Mhakikishie pia, kama ni kweli, kwamba hujamkana Kristo wala hukusudii kumkana kwa hasira. Kuna mlowezi mwingine wa Iceland, Helgi aliyeitwa Mwembamba, mama yake binti wa mfalme wa Ireland na baba yake mtu wa Skandinavia, ambaye alimwamini Kristo na kuliita shamba lake kwa jina la Kristo, lakini akiwa baharini alimwita Thor. Sikupi kisa hicho ili uige. Ninakupa ili ujue kwamba mtoto wa pande mbili, mwenye mioyo miwili katika jambo hili, yumo ndani ya historia hiyo tangu mwanzo wake.

Halafu mpigie simu shangazi yako wa kweli, dada yake baba. Yeye ndiye mwenye ghala, na mama yake ndiye aliyekushika mkono gizani. Mwulize kama baada ya bibi kufariki kuna mtu anayeendelea kuweka uji. Kama yupo, omba uandamane naye Krismasi hii. Kama hayupo, mwulize kama atakuruhusu uuweke wewe, na kama mnaweza kwenda pamoja na mama yako. Mwombe pia akufundishe kuupika, maana siagi ile huwekwa juu, katikati, na nimesikia visa vingi vya wazee wa shamba waliokasirika kwa kuikosa. Niandikie tena mwezi wa kwanza uniambie mama alisema nini mlipofika mlangoni.

Akupendaye,
Shangazi